Ukosi wa Wavu

Nyumbani, 3 Machi

Mume wangu,

Wavu wako huo hapo ndani ya mfuko. Usiukunjue kwa papara kama kawaida yako, kitambaa chenyewe ni chepesi na kinashika kila ukucha. Nimeushona nusu kwa mashine na nusu kwa mkono, maana mashine ilikataa kona za mkiani. Mchoro ulionitumia ulikuwa mbaya, nakwambia kweli. Nilishinda nao nikidhani umenichorea suruali ya mguu mmoja, mpaka mama yako aliporudi kutoka kwenye duka lake la dawa akaniandikia kwenye karatasi kwamba hiyo ni faneli, na mdomo mpana ndio unaotangulia majini.

Mdomo nimeushonea ukosi. Niliona ile pete ya chuma utakayoifunga mdomoni itakila kitambaa chako kabla hujakizoea, kwa hiyo nikakata turubai tabaka tatu, kati ya tabaka na tabaka nikapaka uji mzito wa wanga, nikapiga pasi mpaka ukasimama wenyewe mezani. Nimeshona mashati ujana wangu wote na uzee wangu nusu, na sijawahi kutoa ukosi uliolala. Wa kwako hautakuwa wa kwanza.

Hapa ni wazima. Masikio yangu yamefunga duka kabisa, hata lile la kushoto lililokuwa linajikongoja. Jana mjomba wako na mkewe walikaa mezani na mama yako, wakaongea, wakacheka mpaka mke wa mjomba akajifuta machozi. Nikamgusa mama yako begani nikamuuliza kuna nini. Akafikiri kidogo, akanisogezea uso nisome midomo: "Hamna kitu, Mama." Ndivyo ninavyoishi siku hizi. Napewa muhtasari. Hawana ubaya, wamechoka kupiga kelele, na kumwandikia mtu kila neno kwenye karatasi si kazi ndogo. Lakini wewe uko mahali simu haishiki na lazima uandike, kwa hiyo umebaki mtu pekee anayeongea na mimi kwa sentensi nzima. Niandikie kila kitu, cha maana na cha upuuzi. Na huyo Profesa wenu ana umri gani?

Mkeo mkubwa


Kituoni, 19 Machi

Mke wangu mkubwa (na wa pekee, kabla hujakunja uso),

Wavu umefika na boti ya mahitaji, umelaliwa na magunia ya viazi lakini mzima. Fundi mitambo wa boti ndiye aliyeufungua kwanza. Akauvaa shingoni, akatembea nao gatini kwa madaha kama hakimu anayeingia mahakamani, na ukosi haukulala. Profesa alipitisha vidole kwenye mshono wa mkiani akasema bibi yangu angehamia hapa tungeacha kuagiza vitu. Ule wavu wa zamani uliraruka mwambani, na wa kiwandani ungechukua nusu mwaka kufika, kwa hiyo umeniokoa. Profesa ana umri wa Mama, ana wajukuu wawili na kikohozi kisichopona. Lala usingizi.

Nilipokuja likizo uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kisomi ukakasirika. Acha nijaribu tena. Kijiko kimoja cha maji ya bahari kina bakteria wengi kuliko watu wa mji mkubwa. Wengine wanaelea peke yao, hawana pa kushika. Wengine wamepanga kwenye chembe: vipande vya mwani uliokufa, ute, kinyesi cha viumbe, takataka zote zinazoshuka polepole kwenda chini. Na wengine wanaishi kwa planktoni, yaani wanyama wadogo sana wanaoelea. Hawa ninaowashughulikia wanafanana na kamba, ila ni wadogo kuliko punje ya mchele. Bakteria wanakaa kwenye ganda lao, miguuni, tumboni. Nataka kujua nani anaishi wapi, na kama anayeishi kwa mnyama anaweza pia kukaa kwenye takataka, au kila mmoja ana kwake.

Maji nayachota kwa chupa na kuyapitisha kwenye vichujio viwili. Cha kwanza kinashika chembe, cha pili kina matundu madogo kabisa na kinashika wale wanaoelea peke yao. Wanyama hawapatikani kwa chupa, wametawanyika mno, ndipo unapoingia wavu wako. Tunauburuta nyuma ya boti, tunaupandisha, tunaumwagia maji kuanzia mdomoni kushuka chini ili wanyama walionasa kwenye kitambaa waserereke hadi kwenye kikombe kilichofungwa mkiani. Kisha nawaokota mmoja mmoja chini ya hadubini, mpaka shingo inakataa kurudi mahali pake.

Nikipata jibu linaloeleweka kabla ya mwisho wa Agosti, jopo linaweza kunipa nafasi ya shahada ya uzamivu hapa hapa. Nafasi ni moja. Nikiikosa, narudi nyumbani kukuchosha.

Mumeo, mchuja maji


Nyumbani, 2 Aprili

Mume wangu,

Barua nimeisoma, nikampelekea na jirani yetu fundi viatu. Yeye hakuelewa ila anakupa hongera. Mimi nimeelewa. Kuna wanaorandaranda, kuna waliopanga, na kuna wanaoishi mgongoni mwa mtu. Mjomba wako ni wa aina ya tatu, na usimwambie nimesema.

Mwambie Profesa afunike kifua anapopanda boti. Na wewe shingo hiyo ikande kwa maji ya moto, usijifanye chuma.

Nikwambie jambo. Wavu wako ndicho kitu cha kwanza nilichokishona tangu wateja wahamie kwenye nguo za dukani. Nilipomaliza nilikaa nikauangalia, mikono ikawa inatafuta kingine cha kushika. Nikamkata mama yako pazia ambalo hakuliomba. Haya, niambie ukosi bado umesimama? Na huko jioni mnakula na nani, na mnaongea nini? Usiniruke.

Mkeo mkubwa


Kituoni, 20 Mei

Mke wangu,

Kaa chini kwanza, na miwani iwe ya kusomea.

Nimepata mpangaji asiyehama. Kila mnyama tuliyemtoa kwenye wavu tangu Machi, bakteria huyu yumo. Kwenye chembe hayupo. Kwenye maji matupu hayupo. Nikimwotesha kwenye sahani ya lishe anatoa madoa ya rangi ya chungwa, kwa hiyo huhitaji hata usomi kumtambua, unamwona kwa macho. Maabara kuu wamesoma vinasaba vyake wakasema hawana mwingine kama yeye kwenye orodha zao. Profesa alipitia kurasa zangu mara mbili, akavua miwani, akaomba chai. Kwake hiyo ni sherehe.

Mimi nilikimbia gati lote mpaka mwisho nikarudi, mpishi akatoka na ndoo akidhani kuna moto.

Sasa sikiliza. Maabara kuu wamempa namba ndefu isiyotamkika. Sisi hapa tulitaka jina la nyumbani, nikalitoa mimi, na Profesa mwenyewe akaliandika kwa wino kwenye kifuniko cha sahani: Bi Mkubwa. Ni wewe. Amechagua kwake na hatoki, nikaona hakuna jina lingine linalomfaa. Mwisho wa Agosti nitasimama mbele ya jopo na kuwaeleza habari za Bi Mkubwa, na nikisema jina hilo nitakuwa naona uso wako.

Mumeo mwenye kichwa kilichovimba


Nyumbani, 1 Juni

Mume wangu,

Nilivaa lile gauni la bluu nikapita mtaani. Kwa fundi viatu, kwa mwalimu, kwenye duka la mama yako wakati wateja wamejaa, hata kwa yule mama wa ghorofani ambaye hatusalimiani. Kila mlango nimewaambia kuna kiumbe baharini ana jina langu. Mke wa mjomba wako akaandika kwenye karatasi kuuliza kama ni ugonjwa. Nikamwambia ni mtulivu, ana familia moja na hahamihami, tofauti na watu wengine ninaowajua.

Mama yako siku hiyo alikaa na mimi akaandika kurasa mbili kunieleza wateja walivyosema. Kurasa mbili, mume wangu. Sikumbuki mara ya mwisho kupata kurasa mbili humu ndani.

Nina jambo nalifanya, usiniulize. Utaliona boti ikifika.

Mkeo mkubwa, sasa wa nchi kavu na wa baharini


Kituoni, 18 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii ni yako, tafadhali usiiache mezani.

Juzi Profesa aliniuliza swali dogo wakati tunaosha vyombo. Nimewahi kuupima wavu wenyewe? Yaani kuuosha ukiwa hauna mnyama, vilevile tunavyouosha siku zote, na kuotesha maji yanayotoka. Sijawahi. Wavu mwingine wowote ningeupima siku ya kwanza, hilo tunafundishwa kabla hata ya kuogelea. Huu sikuupima kwa sababu ulitoka kwa Bibi. Kichwani kwangu haukuwa chombo cha kazi, ulikuwa shati.

Nimeupima sasa. Sahani imejaa madoa ya chungwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikafumua kona ya ukosi. Mle kati ya tabaka za turubai wanga umegeuka utelezi, na bakteria wetu ndiye mwenye nyumba. Anakula wanga wa Bibi. Kila tukimwaga maji kuanzia mdomoni tunamtelemsha hadi kikombeni, tunawapaka wanyama, halafu mimi nawaokota kwa uangalifu mkubwa na kushangaa kwamba kila mmoja anaye. Chembe na maji nilichota kwa chupa, ndiyo maana huko hakuonekana. Nimechota wanyama wachache kwa ndoo, bila wavu. Hawana kitu.

Kazi ya miezi imekwenda na maji, Mama, lakini hilo nitalibeba, nimeanza upya na Agosti bado. Linalonikosesha raha ni Bibi. Ametangaza mtaa mzima. Nimwambieje kwamba kiumbe chenye jina lake kilitoka kwenye ukosi aliouwekea wanga kwa mikono yake?

Mwanao


Nyumbani, 27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usimwambie.

Nitakueleza kwa nini. Lile jambo analolifanya ni wavu wa pili. Ulipotuma kitambaa kilibaki kipande kikubwa, amekitoa. Vidole vimevimba, asubuhi naviloweka kwa maji ya moto ndipo vinakunjuka, kisha anakaa mashineni mpaka jua lizame. Anaimba. Kwa kuwa hajisikii anaimba kwa sauti kubwa na nje ya wimbo, na hakuna mtu humu ndani mwenye moyo wa kumkataza. Mwaka mzima nilikuwa namwona anafifia kwenye kile kiti chake, mwanangu. Sasa ananigombeza kuhusu sindano.

Mwandikie tu kwamba mambo ni mazuri. Hupungukiwi na kitu, na yeye anabaki na furaha yake. Kuhusu jopo, mimi naomba kwa namna yangu.

Mama yako


Kituoni, 8 Julai

Mke wangu mkubwa,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Kazi inaendelea vizuri na hali ya hewa ni nzuri wiki hii. Profesa anakusalimu, kikohozi kinapungua. Chakula ni kizuri. Wavu unafanya kazi nzuri.

Samahani kwa barua fupi, tuna shughuli nyingi. Wasalimie wote.

Mumeo


Nyumbani, 15 Julai

Mjukuu wangu,

Nimepokea ukurasa wako, ambao hata haukujaa. Kazi nzuri, hewa nzuri, chakula kizuri, wavu mzuri. Daktari wa meno alinieleza zaidi ya hivyo aliponing'oa jino.

Miezi yote umeniandikia mpaka shingo inavyokuuma. Tangu Mei kila mstari ulikuwa Bi Mkubwa, na sasa hayumo hata mara moja. Mtu aliyekuwa akimsifu mtoto wake kila siku, akinyamaza ghafla, huyo mtoto ana jambo. Nikampa mama yako barua aisome. Aliisoma upesi mno, akaikunja, na unajua aliloniambia: hamna kitu. Kwa hiyo mmekula njama, wewe na yeye. Mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sijui ni nini. Umeugua? Umefukuzwa? Umeoa huko na mwanamke anakataza? Nimekaa na maswali haya bila mtu wa kumuuliza, kwa sababu ninayeweza kumuuliza nikajibiwa ulikuwa wewe. Nikwambie wazi ili usije ukasema hukujua: nililia. Uziwi nimeuzoea. Nimezoea midomo inayochezacheza na vicheko ambavyo si vyangu. Nilivumilia kwa kuwa kila boti ilikuwa inaniletea mtu mzima, na hasira zake na kujisifu kwake na mpishi wake mwenye ndoo. Sasa na wewe umejiunga na wale wa mezani.

Ukinihurumia, niandikie. Usiponiandikia ukweli, basi usiniandikie chochote, nitajua.

Bibi yako


Kituoni, 26 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sitazunguka.

Bi Mkubwa haishi kwa wanyama. Anaishi kwenye ukosi wako. Ule wanga uliopaka kati ya turubai ulibaki na unyevu hata wavu ulipoanikwa, na kwa bakteria huo ni karamu. Tulipokuwa tunauosha, maji yalipita kwenye ukosi kwanza, yakamchukua, yakampeleka kikombeni. Mimi nikamkuta kwa wanyama nikadhani ndiko kwake. Kosa la kazi ni langu, si lako. Wewe ulishona ukosi unavyoshonwa. Mimi nilipaswa kuupima wavu kabla sijautumia, na sikuupima kwa sababu nilipouangalia nilikuwa nakuona wewe, na mtu hampimi bibi yake.

Nilijua tangu katikati ya Juni. Nilimwandikia Mama, tukakubaliana kukuficha, na wakati naandika ule ukurasa wa Julai nilikuwa najiona mwema. Uliposema nimejiunga na wale wa mezani niliweka barua chini nikatoka nje, nikaenda nyuma ya ghala la matangi ya mafuta, nikalia kama mtoto. Fundi mitambo alinikuta. Akanipa kitambaa chenye grisi, nikajifuta nikawa mweusi uso mzima, na hivyo ndivyo nilivyoingia kula chakula cha mchana mbele ya Profesa.

Nakupa na mengine, maana uliyataka yote. Profesa hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba yeye pia aliupenda ule mshono akasahau kuuliza mapema. Kifuniko chenye jina lako bado kipo rafuni, hakuna aliyethubutu kukifuta. Ninachota wanyama kwa ndoo, lakini ndoo nzima inanipa wanyama wasiotosha kiganja, na Agosti inanikaribia. Naogopa jopo. Naogopa kurudi nyumbani na mikono mitupu na kila mtu mtaani aulize habari za kiumbe chako. Wakati mwingine nikiinama kwenye hadubini nawaza labda sina kipaji cha kazi hii, nina hamu tu.

Nisamehe. Usinifungie.

Mjukuu wako


Nyumbani, 4 Agosti

Mume wangu,

Nimekasirika kwa kipimo chake, na sasa nimemaliza.

Mama yako nilimweka mezani, nikaweka karatasi na kalamu mbele yake, nikamwambia aandike mpaka aishe. Aliandika, akalia, akaandika. Kumbe na yeye ana mambo mengi alikuwa hana pa kuyaweka. Tumekubaliana kila siku baada ya kufunga duka ananiandikia ukurasa, na mimi namjibu kwa mdomo, hata kama napiga kelele.

Kuhusu ukosi. Nilicheka, nikwambie ukweli, baada ya kununa kwanza. Nimewalisha wanaume wa nyumba hii, nimewalisha wageni, nikaenda na baharini nikalisha na huko. Hata hivyo nilivaa tena lile gauni la bluu nikapita mlango kwa mlango, nikawaambia wote kwamba yule kiumbe si wa wanyama, ni wa wanga wangu. Yule mama wa ghorofani alinipa kiti. Fundi viatu aliandika kwa herufi zake kubwa: BADO NI WAKO. Nikaona ana akili kuliko nilivyodhani.

Haya, tufanye kazi. Wavu wa pili ulikuwa tayari kuondoka, na ukosi wake nilikuwa nimeuwekea wanga zaidi ya ule wa kwanza, nikitaka kukushangaza. Nimeufumua wote. Turubai nimeitupa. Sasa mdomo una mkanda wa nailoni wa begi, tabaka moja, uzi wa nailoni, hakuna kitu katikati. Umelala kama sikio la mbwa, na moyo wangu unauma kuutazama, lakini utauchemsha ukitaka na hautashika kitu. Uupime kabla hujautumia. Usiniangalie usoni, uupime.

Kuhusu kipaji, mimi sijui kipaji ni nini. Nimeona watu wakishona vibaya kwa miaka mingi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wewe umeambiwa, umeumia, na bado unachota kwa ndoo.

Matokeo unitumie, mazuri au mabaya. Vidole vinauma leo, nitaishia hapo.

Mkeo mkubwa


Kituoni, 2 Septemba

Mke wangu,

Nafasi nimeikosa.

Nimeweka hilo juu ili usilitafute. Sasa kaa vizuri nikupe yote.

Wavu wako wa pili ulifika, nikaupima kabla haujagusa bahari, sahani ikabaki safi. Tukauburuta kila siku iliyowezekana, na Profesa alikuja mwenyewe kushika kamba, na skafu kifuani kama ulivyoagiza. Nilipata wanyama wa kutosha, wa kweli, waliobeba vya kwao tu. Na jibu lao ni hili: hakuna mpangaji wa peke yake. Bakteria wanaoishi kwa wanyama, karibu wote ni wale wale wa kwenye chembe. Mnyama anakula takataka na wapangaji wake, anatoa kinyesi, kinyesi kinakuwa chembe, wapangaji wanahamia huko, mwingine anakuja anakula. Wale wanaoelea peke yao ndio tofauti, hao hawachangamani sana na mtu. Ni kazi safi, Bibi. Naiamini kila herufi yake.

Jopo walikuwa watatu, kwenye chumba chenye feni moja. Niliwaeleza na habari ya ukosi, sikuificha, nikawaonyesha sahani iliyojaa madoa na sahani iliyo safi. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo umegundua nini hasa?" Nikajibu kwamba nimegundua bakteria anayeishi kwenye kola ya bibi yangu, na pia nimegundua kwamba wanyama hawa na takataka hizi wanabadilishana wapangaji. Walicheka, na mimi nikacheka. Kisha wakasema kazi ni ya kweli ila hilo la kubadilishana limeshaonekana kwenye bahari nyingine, na miezi iliyopotea kwenye wavu wa kwanza imeniacha na sampuli chache. Nafasi wamempa msichana anayechunguza matope. Anastahili, nimesoma kazi yake. Profesa alinitetea mpaka kikohozi kikamkatisha.

Nimeumia. Leo asubuhi nilisaidia kupakua viazi kwenye boti ili nisikae na kichwa changu. Profesa anasema niombe tena mwakani na kwamba ataniandikia barua yenye maneno mazito, lakini mwakani ni mbali na mimi leo sijui nitaomba au la. Narudi na boti inayofuata. Vitabu vitakuwa vizito, mwambie Mjomba anipokee.

Mama hajui bado. Mjomba hajui. Hata hapa kituoni ni Profesa na jopo tu. Nimekuandikia wewe wa kwanza, na sitamwandikia mwingine yeyote. Nakuomba uwaambie wewe, mezani, wote wakiwa wameketi. Mama atalia, mwache alie kwanza. Kisha watauliza maswali mengi kwa pamoja, na watalazimika kukuandikia moja moja, kwa sababu majibu yote unayo wewe.

Mumeo